Mkato mmoja, miwili, au usiwepo kabisa?

Swali: Naandika barua na matangazo katika ofisi ya kusimamia nyumba za kupanga, Dar es Salaam. Shuleni, kwenye somo la Kiingereza, tulifundishwa kuyazungushia mikato maneno ya nyongeza yanayoingia katikati ya sentensi. Je, Kiswahili nacho kinadai hivyo? Bosi wangu huweka mkato kabla ya kila "ambao".

Jibu: Kinadai. Ila huo mkato wa bosi wako unaweza kuwaletea kesi. Linganisheni matangazo haya mawili:

Wapangaji ambao hawajalipa kodi ya Machi watahamishwa.
Wapangaji, ambao hawajalipa kodi ya Machi, watahamishwa.

La kwanza linawagusa wadaiwa peke yao. La pili linasema hakuna mpangaji hata mmoja aliyelipa, na wote watahamishwa. Mwenye risiti yake mkononi ana kila sababu ya kuja juu.

Katika Kiingereza kuna kirejeshi "that" (neno linalofanya kazi ya "ambao") ambacho kwa kawaida hakitumiki kwenye maelezo ya nyongeza, kwa hiyo neno lenyewe humsaidia msomaji. Sisi hatuna msaada huo. "Amba-" na "-o-" ya "waliochelewa" zinafanya kazi zote mbili, kubagua na kuongezea habari, na kwenye maandishi mkato ndio unaozitenganisha. Ukitaka usalama zaidi, andika "wale wapangaji ambao hawajalipa". Hapo "wale" imekwisha kubagua. Na kama kweli wote wanadaiwa, achana na "ambao", sema "Wapangaji wote watahamishwa kwa kuwa hawajalipa kodi."

Kipimo ni kuyafuta maneno yenyewe. "Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999." Ondoa yaliyo kati ya mikato: anayetajwa bado anajulikana na habari haijapotoka. Basi hiyo ni nyongeza, mikato ibaki. Fanya hivyo kwa wale wapangaji wa tangazo la kwanza, utabaki na "Wapangaji watahamishwa", habari nyingine kabisa.

Mikato hii huenda jozi, kama ndala. Kosa linaloongoza kwenye barua za ofisi ni kufungua bila kufunga: "Mwenyekiti wa mtaa, Bi. Rehema ataongoza kikao." Hapo ni kama unamwambia mwenyekiti kwamba Bi. Rehema ndiye atakayeongoza! Weka mkato wa pili baada ya jina, au ondoa ule wa kwanza. Cheo kilichoshikamana na jina, kama "Mwalimu Nyerere" au "Dkt. Rehema", hakihitaji mkato wowote.

Kosa jingine hutokana na pumzi. Mwandishi akiona kiima kimekuwa kirefu, anatupia mkato kabla ya kitenzi: "Mafundi walioitwa kurekebisha bomba la ghorofa ya tatu, wamefika." Ufute. Kiima hakitengwi na kitenzi chake kwa mkato mmoja, hata kiwe kirefu namna gani.

Angalieni pia viambishi. "Meneja pamoja na wasaidizi wake wamefika" ni sawa, kwa sababu wote ni kiima. Ukiweka mikato, kiima kinabaki meneja peke yake: "Meneja, pamoja na wasaidizi wake, amefika." Kuweka mikato kisha kuandika "wamefika" ni kugombana na sentensi yako mwenyewe.

Nyongeza yenye orodha ndani yake haifai kuzungushiwa mikato. "Wilaya za Dar es Salaam, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zitapata fomu" inaifanya Dar es Salaam nayo ionekane mojawapo ya majina kwenye orodha. Tumia vistari virefu au mabano: "Wilaya za Dar es Salaam (Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni) zitapata fomu." Mabano yakishatumika, mikato ya kuzungushia haihitajiki tena. Na sentensi ikidai mkato kwa sababu nyingine, uweke baada ya mabano ya kufunga, usiuweke kabla ya mabano ya kufungua.