Nimepoteza asilimia 60 ya kitalu, mbona malipo ni dola 5,500 tu?

SWALI: Nina kitalu cha miti na maua ya mapambo huko North Carolina, Marekani. Kabla ya kimbunga, mimea yangu ilikuwa na thamani ya dola 100,000. Iliyobaki ni ya dola 40,000. Nilikuwa nimejiunga na mpango wa NAP kwa kiwango cha msingi, na sasa naambiwa nitalipwa dola 5,500. Je, wamekosea hesabu?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Hawajakosea, na naelewa kwa nini imekuuma, maana wengi hujiunga wakidhani NAP italipa nusu ya kilichopotea.

NAP ni mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa mazao ambayo hayana bima katika kaunti husika, na unasimamiwa na ofisi za FSA, idara ya wizara hiyo inayohudumia wakulima. Shamba la mahindi hupimwa kwa mavuno yaliyopungua. Kitalu hakina mavuno ya namna hiyo, kwa hiyo kinachopimwa ni thamani ya mimea yote muda mfupi kabla ya janga na mara tu baada yake. Kiwango cha msingi kinalinda nusu ya thamani ya awali. Nusu ya 100,000 ni 50,000. Ukitoa 40,000 iliyosalimika, inabaki 10,000, na hiyo hulipwa kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Hapo ndipo ilipotoka 5,500. Hamsini elfu za kwanza za hasara umezibeba mwenyewe.

Kwa maoni yangu, kiwango cha msingi kinafaa kitalu kinachoogopa kufagiliwa chote; kwa hasara kama yako, kinaokoa kidogo mno. Ungechagua kinga ya asilimia 65 kwa bei kamili ya soko, hesabu ingekuwa 65,000 kutoa 40,000, yaani dola 25,000. Kinga hiyo ina gharama: ada ya kujiandikisha, pamoja na asilimia 5.25 ya thamani iliyokingwa, ambayo kwa mfano huu ni kama dola 3,400. Wakulima wanaoanza, wenye kipato kidogo na waliowahi kuwa wanajeshi husamehewa ada na kupunguziwa nusu ya malipo hayo, basi uliza kama unahusika. Kinga hununuliwa kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Janga likishapita haiwezekani tena.

Lakini usiishie hapo. Kama baadhi ya mimea iliyokufa ni miti, omba pia TAP, mpango mwingine wa Wizara ya Kilimo. Huo husaidia kupanda upya miti, vichaka na mizabibu, na miti ya mapambo inayokuzwa kitaluni kwa ajili ya kuuzwa imo. Miti ya mbao haimo. TAP haikudai uwe ulijiunga mapema. Kwa kawaida ombi hupelekwa ndani ya siku 90 tangu janga au tangu hasara ionekane, na pesa hutoka baada ya kupanda na kuwasilisha risiti. Kwa hiyo tafuta mtaji wa kuanzia, na usinunue mche hata mmoja bila stakabadhi.

Nakusihi jambo moja: usiondoe mizoga ya mimea kabla mkaguzi hajaiona. Najua inaumiza kuitazama kila asubuhi, na unataka nafasi ya kupanda. Hata hivyo, mti uliochomwa hauwezi kuhesabiwa tena. Piga picha kila kitalu kidogo, hesabu vyungu kwa aina na ukubwa, kisha ambatanisha orodha ya bei ulizokuwa ukiuzia. Ukiwa na daftari la mali lililoandikwa kabla ya kimbunga, lipeleke lenyewe. Mkulima asiye na daftari hilo hujikuta akibishana juu ya ile 100,000 ya mwanzo, na kila dola inayopunguzwa pale inapunguza pia malipo.

Fomu ya taarifa ya hasara ya NAP ni CCC-576, nayo hupelekwa ndani ya siku 15 tangu janga au tangu hasara ionekane.