Ushauri nasaha unakuzidishia hofu? Usiache kwanza

Pole sana dada. Umesema tangu uanze ushauri nasaha baada ya ajali, siku ya miadi tumbo linavurugika, unatafuta udhuru, na sasa unataka kuacha kwa kuwa unaona hali inazidi kuwa mbaya. Nakuelewa kabisa. Mimi nilinusurika kwenye ajali ya basi. Abiria niliyekaa naye siti moja alifariki.

Kwa mshauri, kila tulipokaribia habari za yule abiria, nilihamia kwenye kazi, watoto, hata bei ya mchele. Wakati mwingine usingizi mzito ulinishika katikati ya mazungumzo. Wengi hawajui kwamba hata usingizi wa namna hiyo unaweza kuwa njia ya mwili kujikinga.

Sio uvivu, na wala sio upungufu wa imani, hata ndugu wakikuambia "jikaze tu". Ukikwepa kumbukumbu unapata nafuu papo hapo, na ubongo unaamini umesalimika kwa sababu umekimbia. Ndiyo maana hofu inatanuka. Kwangu ilianza na basi, ikaja stendi, mwisho hata honi ya lori ilinitetemesha.

Mambo yalianza kubadilika mshauri alipokiweka kando kisa chenyewe, akaniuliza: unaogopa nini kitatokea ukisimulia? Nikamjibu naogopa nikianza kulia sitanyamaza. Tulikaa kwenye jibu hilo muda mrefu, na nililia, na nikanyamaza. Kwa hiyo miadi ijayo usianze na ajali. Mwambie kwamba unaogopa kuja, na kwamba unafikiria kuacha. Hiyo nayo ni kazi ya tiba.

Baadaye tukaenda hatua kwa hatua: kupita nje ya stendi, kukaa kwenye basi lililoegeshwa, kisha safari fupi ya Mbezi hadi Kibaha nikiwa na kaka yangu. Sharti lilikuwa moja, nisishuke hofu ikiwa kileleni. Moyo ulidunda sana, halafu ukatulia wenyewe nikiwa bado nimekaa. Sikuamini.

Lakini hatua hizo uzichague wewe pamoja na mshauri wako. Akikushinikiza usimulie yote leo, una haki ya kukataa, na hata kutafuta mwingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema wazi kuwa mtu asishinikizwe kusimulia yaliyomkuta.

Kuvurugika siku ya miadi na kesho yake, kisha ukatulia, ni kawaida. Ila ukikosa usingizi mfululizo au ukashindwa kula, mpigie mshauri, mpunguze kasi. Na mawazo ya kufa yakikujia, dada yangu, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu wa nyumbani akusindikize.