Kumlipa mwenzio sehemu yake ya nyumba ukiwa huna mshahara: benki kwanza, bei baadaye

Ndoa ikivunjika na nyumba ni moja, mara nyingi mambo ni mawili: iuzwe mgawane, au mmoja abaki nayo amlipe mwenzake. Mimi nilibaki na yetu ya Uyole, Mbeya, kwa mkopo wa benki, nami ni muuza mchele soko la Mwanjelwa, sijawahi kupokea mshahara maishani. Dada zangu wa sokoni wakiniuliza niliwezaje, jibu langu huwa halinogi: nenda benki kabla hujakaa kikao cha bei.

Wengi huenda kinyume. Wazee wa pande zote mbili wanakaa, wanapatana labda milioni 40, watu wanakunywa soda. Ndipo mama anakwenda benki na kuambiwa biashara yake inabeba milioni 25. Tayari ameahidi mbele ya wakwe, na baba watoto anahesabu siku.

Tuchukue hizo milioni 40. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, ukilipa miaka 15, rejesho ni kama 587,000 kila mwezi. Ukilipa miaka 10 ni kama 670,000. Tofauti ya mwezi ni kama 83,000 tu, lakini ule wa miaka 15 unakugharimu zaidi ya milioni 25 za ziada mpaka umalize. Mwambie afisa mikopo akupigie hesabu zote mbili. Ukishajua kiasi unachoweza kubeba, ndipo unakaa mezani na kusema: nyumba nabaki nayo, wewe chukua shamba na gari, fedha taslimu nitakupa kiasi hiki. Kila mali anayoichukua yeye inapunguza deni lako.

Sasa, huyo afisa mikopo haoni magunia yako stoo, anaona karatasi. Na karatasi za mtu wa mazao zina shida yake. Mpunga wa Mbarali na Kyela tunaununua kwa wingi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tunauza taratibu, na faida yenyewe inakuja bei ikipanda mwanzoni mwa mwaka. Ukipeleka stetimenti ya miezi sita inayoanzia Mei, unaonekana mtu wa kutoa hela tu. Peleka ya miezi 12, na kama unayo ya miezi 24 ndiyo bora, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza msimu wako: lini unanunua, lini unakoboa, lini unauza. Kijana wa benki aliyesoma uhasibu huenda hajawahi kukanyaga mashine ya kukoboa mpunga ya Ubaruku, mwelekeze.

Wateja wa Dar es Salaam na Tunduma walipe kwenye akaunti ya biashara au lipa namba yenye jina lako. Hela inayopita kwenye simu ya mdogo wako, kwa benki ni hela ya mdogo wako.

Halafu kuna TRA, watu wa kodi. Tunapenda makadirio madogo ya kodi, tusidanganyane. Lakini benki itataka karatasi hizo hizo, na huwezi kuwa mfanyabiashara mdogo mbele ya TRA asubuhi, mchana ukawa tajiri mbele ya benki. Anza kurekebisha mapema, leseni na TIN (namba ya mlipakodi) viwe sawa. Mikopo ya simu nayo imalize, kwa sababu taasisi zenye leseni hupeleka taarifa zako kwenye kanzidata ya wakopaji. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, usiiguse kabisa wakati huu, hata kama ni ya wiki mbili.

Upande wa sheria, kutengana kwa mdomo hakutoshi. Ukiwa bado mke wa mtu, Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wako aridhie nyumba ya familia kuwekwa rehani, kwa hiyo saini yake itatafutwa tu. Na mahakama hugawa mali baada ya kutoa amri ya kutengana au talaka, nayo kwa kawaida haikusikilizi kabla hujapita baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Nusu kwa nusu si lazima, ingawa sheria inasema mahakama ikishapima hayo ielekee kwenye mgawanyo sawa. Na ukiambiwa wewe ulikuwa unapika tu, wakumbushe kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Penye kukwama zaidi ni hapa: nani atangulie? Hati ilikuwa na jina la mzazi mwenzangu. Benki haitoi hela bila hati yenye jina langu, naye hasaini uhamisho bila hela. Wakili ndiye alitufungua. Makubaliano yetu yaliingizwa kwenye amri ya mahakama, mwenzangu akasaini fomu za uhamisho zikakaa kwa wakili, benki ikaandika barua kwamba hela itakwenda moja kwa moja kwenye akaunti yake uhamisho na rehani vikishasajiliwa ofisi ya ardhi. Hakuna aliyelazimika kumwamini mwenzake, na kwa hali tuliyokuwa nayo hilo lilikuwa jambo la maana sana. Kama nyumba yenu ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, anzeni na upimaji na hati, la sivyo msihesabu mkopo wa nyumba.

Mthamini atakupa thamani mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo. Mwenzio atadai mgao wake kwa ile ya soko, benki itaangalia sana ile ndogo. Pengo hilo utalijaza wewe, pamoja na ada ya mthamini, wakili, bima na kodi za uhamisho. TRA waonyeshe amri ya mahakama kabla hawajakadiria chochote, wajue huu ni mgawanyo wa wanandoa na siyo mauzo ya sokoni.

Rejesho ni la kila mwezi, mchele ni wa msimu. Bei ikipanda mimi natenga marejesho ya miezi ya ununuzi kwenye akaunti ya pembeni kabla sijarudi shambani kununua mpunga. Na msimu ukiwa mzuri utatamani kupunguza deni kwa mkupuo, kwa hiyo uliza kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda, na uombe iondolewe kabla hujasaini.