Mtoto wa miaka 8 mwenye ADHD: aambiwe nini, na siku yake ipangwe vipi

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa darasa la tatu, aliyekutwa na ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia jambo moja), anayepoteza penseli kila wiki na kuacha hesabu katikati: kwanza fimbo iweke kando. Mtoto huyu anajua anachotakiwa kufanya. Kinachomponyoka ni kukikumbuka pale pale kinapohitajika, na kujizuia jambo jingine linapomwita. Ndiyo maana mawaidha ya jana usiku hayamsaidii saa 12 asubuhi anapotafuta kiatu. Msaada uwepo palepale anapokwama.

Mweleze kwa maneno ya rika lake: "Kichwa chako ni kama redio inayoshika stesheni nyingi kwa pamoja. Si mbovu. Tutafute namna ya kusikiliza moja." Usimwambie ni mgonjwa, wala usimwache aamini kuwa ni mvivu, maana neno hilo amekwisha kulisikia mno.

Ukimtuma, usipige kelele kutoka jikoni. Mfuate, mguse bega, mtaje jina, mpe agizo moja tu: "Vaa soksi." Alirudie kwa mdomo wake, nawe subiri amalize ndipo useme la pili. Ukimwambia "oga, vaa, unywe chai, chukua begi", anabaki na la mwisho au hana hata moja. Begi lipangwe usiku, likae mlangoni pamoja na viatu, mahali pale pale kila siku.

Kazi ya shule ndiyo ngumu zaidi. Akae akitazama ukuta, televisheni imezimwa kabisa; kupunguza sauti hakutoshi. Chukua kipande cha kadibodi, kata tundu la upana wa hesabu moja, kiweke juu ya daftari. Anaona 34 + 28 peke yake, akimaliza anakishusha. Ukurasa mzima wa hesabu 20 humtisha kabla hajaanza. Afanye kwa dakika 10, kisha dakika 3 aruke kamba au akachote maji, halafu arudi.

Kila kipande cha kazi kikiisha, tia kizibo cha soda kwenye chupa mbele ya macho yake. Vizibo 5 avibadilishe siku hiyo hiyo kwa kitu anachokipenda, hata kama ni dakika 15 za mpira na wewe. Ahadi ya baiskeli mwisho wa muhula iko mbali mno kwake. Wazazi wengi huharibu hapa: akikosea wanamnyang'anya vizibo alivyokwisha kuvipata, naye anaacha kujitahidi. Baada ya wiki mbili tatu huchoka na zawadi. Badilisha zawadi, utaratibu ubaki.

Mwalimu wa darasa mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango, na ampe kazi za kuinuka kama kufuta ubao.

Kwa wazazi wengine wanaohisi tu kuwa mtoto wao ana ADHD: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zionekane nyumbani na shuleni pia. Apimwe masikio na macho. Anayekoroma kila usiku aangaliwe usingizi wake. Anayezubaa ghafla kwa sekunde chache na kutoshtuka hata akiguswa, daktari aambiwe hivyo hivyo, kwani huenda ni kifafa.

Mtoto akiandikiwa methilifenideti, dawa ya ADHD ambayo hupunguza hamu ya kula, ale kifungua kinywa cha kushiba kwanza. Dozi ya jioni humnyima usingizi, kwa hiyo saa za kumpa zifuateni kama daktari alivyoandika.