Kabla Hawajakuambia ni Alsa, Omba ECG

Hapa Uganda mwanamke mtu mzima akiingia kliniki akasema tumbo la juu linamuuma, anasikia kichefuchefu na pumzi haimtoshi, jibu linakuwa limeshaiva: alsa, yaani vidonda vya tumbo. Akiongeza kwamba siku hizi hapati usingizi, analipata na la pili: mawazo. Anatoka na chupa ya dawa ya gesi, vidonge vya omeprazoli na wosia wa bure, "Nyabo, punguza kufikiri." Mara nyingi huwa kweli ni alsa. Lakini kuna siku huwa ni moyo, na moyo hausubiri urudi wiki ijayo kusema dawa haikusaidia.

Yangu mimi ilikuwa moyo. Naishi Walukuba, Jinja, mtaa wa watu wa kila kabila waliofuata kazi za viwandani, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yetu ya nyumbani na ya ugomvi pia. Nauza vitenge. Presha ilinianza kwenye mimba ya mwisho, ile iliyoniletea kuvimba miguu na uso mpaka wakanizalisha kabla ya wakati, na haikuondoka tena. Asubuhi hiyo nilikuwa napanga mzigo nikasikia mgongo unaniuma katikati ya mabega, maumivu yakapanda kwenye taya la kushoto, nikadhani ni jino. Kisha kifua kikabana, kama mtu amenifunga mkanda chini ya matiti anaukaza tundu kwa tundu. Jasho likanitoka la baridi, na jua hata halijawa kali.

Kliniki ya karibu walinibonyeza tumbo. Wakaniuliza kama nimekula. Wakaniuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Nusu ya maswali yalihusu mume wangu! Tayari sindano ya alsa ilikuwa inavutwa wakati wifi yangu alipofika, na wifi yangu ni mtu ambaye mdomo wake unajulikana soko zima. Alimuuguza kaka yake mkubwa hadi kifo, anajua jasho la namna ile. Akamwambia daktari, "Musawo, huyu hatoki hapa na sindano. Moyo wake umepimwa?" Haukuwa umepimwa, wala mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi, hawakuwa nayo. Akaniinua, akaniambia, "Wifi, twende," tukaondoka.

Sasa nieleze ninachokijua, maana wanawake wenzangu wananiuliza sana.

Mshtuko wa moyo ni mshipa unaoulisha moyo wenyewe kuziba. Mafuta yamejijenga ukutani mwa mshipa kwa miaka, siku moja yanapasuka, damu inaganda pale pale, njia inafungwa. Msuli uliokosa damu unaanza kufa, na ukishakufa haufufuki. Ndiyo sababu kila dakika ina bei. Kwa sisi wanawake kuna namna nyingine zinazotupata zaidi kuliko wanaume: ukuta wa mshipa unaweza kuchanika wenyewe kwa ndani, hata kwa mwanamke kijana, hata wiki chache baada ya kujifungua, au vimishipa vidogo kabisa vinagoma wakati mikubwa iko wazi. Kwa hiyo ukiambiwa "mishipa yako mikubwa ni safi" na bado unaumwa, hiyo si sababu ya kufukuzwa.

Na hapa nisahihishe jambo linalosambazwa sana kwenye simu, kwamba mshtuko wa mwanamke hauna maumivu ya kifua. Si kweli. Kifua kuuma au kubana bado ndiyo dalili ya kwanza kwa wengi wetu, kama ilivyo kwa wanaume. Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi tunakuja na mzigo wa mambo mengine juu yake: taya, shingo, mgongo, pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu usioelezeka. Msikilizaji mvivu anaokota lile la tumbo, analiacha la kifua. Mwenye kisukari naye anaweza asisikie maumivu makali hata kidogo.

Uvivu huu haukuanzia Jinja. Kwa miaka mingi utafiti mkubwa wa moyo huko Ulaya na Marekani ulifanywa zaidi kwa wanaume. Daktari wa moyo Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, aliandika mwaka 1991 kwamba mwanamke alilazimika kwanza aonekane mgonjwa kama mwanaume ndipo atibiwe kama mwanaume. Mwaka 1993 Wamarekani wakatunga sheria kwamba utafiti wa tiba unaolipiwa na taasisi hizo uwahusishe na wanawake. Juzi tu, kwa maneno mengine. Musawo aliyekubonyeza tumbo alifundishwa na vitabu vilivyotoka kwenye dunia ile.

Basi ukifika dirishani, sema kwa mpangilio. Usianze na watoto, usianze na karo, usianze na yule mwanamke wa pili. Hata kama hayo yote ni kweli, yaache kwanza. Sema hivi: "Kifua kinanibana tangu saa moja asubuhi, kinaenda mgongoni na kwenye taya, natoka jasho, nina presha. Naomba ECG." Muda, mahali, yanakokwenda, magonjwa uliyonayo, kipimo unachotaka. Mgonjwa wa kifua anatakiwa apimwe ECG ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Huo ndio utaratibu wa madaktari wa moyo duniani, si jeuri yako. Kama ulipata kifafa cha mimba au presha ya mimba, litaje hilo pia, hata kama mtoto yule sasa ana ndevu. Presha kali ya mimba huongeza takribani maradufu hatari ya ugonjwa wa moyo baadaye, lakini nani huuliza? Wanauliza kama unavuta sigara.

Kipimo cha kwanza kikitoka kizuri na maumivu yapo, usivae viatu. ECG ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa, ya pili baada ya muda ikaonyesha. Kuna na kipimo cha damu kinachoitwa troponini. Hiki hupanda taratibu kadiri msuli unavyoumia, ndiyo maana ukiwahi sana hurudiwa baada ya saa chache. Neno la kusema ni "tafadhali rudieni".

Suala la nguo watu hawaliandiki, nami nitaliandika. ECG inataka kifua wazi. Vibandiko vingine vinakaa chini ya titi la kushoto, juu ya ngozi, na sidiria lazima itoke. Kijana aliyenipima mimi aliona haya, nami niliona haya zaidi, akavibandika juu juu pale penye nafasi. Muuguzi mmoja mtu mzima akapita, akatazama, akamwambia avitoe aanze upya, kwa sababu kibandiko kikipanda, mistari kwenye karatasi inabadilika na daktari anasoma moyo ambao si wako. Kisha akachukua leso yangu akanifunika, mkono wake ukapita chini ya leso ukabandika vizuri. Dakika mbili tu. Wewe unayevaa hijabu, una haki ya kuomba mhudumu wa kike na pazia, lakini kama hayupo, leso inatosha. Mimi sasa sitoki bila leso kwenye mkoba.

Kuhusu pa kwenda: fanya uchunguzi huu leo ukiwa mzima. Kituo cha afya cha daraja la pili au la tatu kwa kawaida hakina mashine hiyo. Uliza nani anayo karibu nawe na inafanya kazi hadi saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ikitolewa mapema, na baada ya saa 12 faida yake huwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Kufunguliwa mshipa kwa mrija na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuushikilia ubaki wazi, ni jambo la Kampala, na kwa hospitali ya serikali maana yake ni Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Kutoka Jinja ni kama kilomita 80 tu, lakini kilomita hizo zina msitu wa Mabira na malori yake, kisha foleni ya Mukono. Mimi nilipitishwa njia hiyo nimelala, oksijeni puani, wifi anamfokea kila dereva wa teksi tuliyempita. Basi usingoje hali izidi ndipo uulizie rufaa.

Na boda, jamani, hapana. Najua ndiyo ya haraka. Mgonjwa wa moyo anaweza kuzimia ghafla akaanguka lami. Tafuta gari, hata la jirani anayekudai.

Aspirini nayo: kama dalili ni za moyo, miligramu 300 za kutafuna, yaani vidonge vinne vya vile vidogo vya 75, husaidia damu isizidi kuganda wakati unakimbizwa. Utafune, usimeze mzima. Asiitumie mwenye mzio nayo, anayetapika damu au kutoa choo cheusi, wala aliyepooza upande ghafla, maana huyo wa mwisho anaweza kuwa anavuja damu kichwani. Vidonge hivi mimi ninavyo dukani, kwenye bati la vifungo.

Ada katika hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini aliyewahi kuuguza anajua kwamba mtu wako atatumwa famasi ya nje. Chagua mapema nani atakusimamia. Sisemi nani unampenda. Nasema nani anaweza kumuuliza daktari swali mara ya tatu bila kuona haya. Na weka akiba kidogo kwenye simu yako mwenyewe, yenye namba ya siri ambayo mtu huyo anaijua. Mume wangu ni mtu mwema, lakini siku ile alikuwa ziwani na simu haipatikani.

Ukitoka hospitali ndipo kazi inaanza, na hapa wanawake tunaachwa wenyewe. Mwanaume akitoka na moyo, nyumba nzima inamnyamazia. Mwanamke anakuta sigiri inamsubiri. Mimi nilikataa jerikani za maji na nilikataa kupikia ndani. Moshi wa mkaa na kuni nao unaumiza mishipa ya moyo, na jikoni kwetu mlango ulikuwa mmoja. Kutembea nilitembea, kila jioni, polepole kwanza hadi kwenye maduka na kurudi. Huzuni nayo ilikuja, ya kulia bila sababu, na daktari akaniambia huwapata wengi baada ya mshtuko na ina tiba. Mtajie.

Kama bado unazaa, uliza swali hili kabla ya kuruhusiwa: dawa hizi na mimba zinapatana? Baadhi ya dawa za presha zinazotolewa kwa wagonjwa wa moyo humdhuru mtoto tumboni, na zile za kupunguza mafuta kwenye damu kwa kawaida husimamishwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni navyo havifai kwa aliyepata mshtuko, kwa hiyo uelekezwe njia nyingine. Hakuna aliyeniuliza mimi, niliuliza mwenyewe. Na usiache dawa ya kuzuia damu kugandia kwenye stenti kwa sababu eti unajisikia vizuri, au mtu wa mitishamba kakuahidi. Mitishamba mingine hupigana nayo.

Jambo la mwisho ni karatasi. Hapa kwetu historia ya mgonjwa inakaa kwenye daftari la shule unalonunua mlangoni, na ECG inabandikwa humo. Karatasi ile ni ya kuchapwa kwa joto. Ikikaa juani au muda ukipita, mistari inafifia hadi inabaki nyeupe. Piga picha kwa simu siku ile ile, umtumie na mtu mwingine. Kila ECG mpya italinganishwa na ile ya zamani, na asiye na ya zamani anaanza upya.