Mkojo wa ng'ombe usiuweke mtegoni ukiwa mbichi

Kosa langu la kwanza katika kutega mbung'o lilikuwa haraka. Nilikinga mkojo alfajiri ng'ombe walipoinuka tu (hapo ndipo wanapokojoa karibu wote kwa pamoja, ukichelewa kidogo umekosa), na kabla jua halijapanda chupa ilikuwa tayari chini ya mtego. Jioni nikakuta mbung'o watatu. Nikakata tamaa, nikaiacha chupa hapohapo. Baada ya wiki mbili nilirudi kung'oa mtego. Mkojo ulikuwa umeiva, unanuka hadi macho yanawasha, na mfuko wa juu umejaa mbung'o.

Kinachowavuta ni fenoli, kemikali zenye harufu kali zilizomo katika mkojo. Katika mkojo mbichi sehemu kubwa ya fenoli bado imefungamana na vitu vingine, na bakteria ndio wanaoifungua mkojo unapochacha. Siku hizi naujaza kwenye galoni, naufunga, nauacha kivulini wiki mbili au tatu ndipo nautumia. Pembeni naweka chupa ndogo ya asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha) yenye tundu kifunikoni, kwa sababu asetoni imo katika pumzi ya ng'ombe. Inashika moto upesi mno, basi usimtume mtoto kuijaza. Mkojo na asetoni ndivyo vilivyotumika Nguruman, Kenya, miaka ya 1980, pamoja na mtego wa NGU unaoshonwa kwa kitambaa cha bluu, cheusi na chandarua.

Anayedhani haya ni mambo ya waganga asikie ya Zimbabwe. Katika bonde la Zambezi, mtafiti wa mbung'o Glyn Vale na wenzake waliwaweka ng'ombe kwenye shimo lililofunikwa, wakaisukuma hewa yao juu kwa feni. Mbung'o walifuata ile hewa ingawa hapakuwa na mnyama wa kuonekana. Vale aligundua pia kwamba harufu ya mtu huwafukuza mbung'o wa huko. Kwa hiyo ukienda kukagua mtego, kagua uondoke. Mimi nilikuwa nakaa nao kama mlinzi, kumbe najiharibia.

Harufu humleta mbung'o karibu tu. Mwishoni hutumia macho. Fyeka nyasi zinazouziba mtego, na kitambaa kilichopauka kibadilishe. Nguzo ipake grisi, la sivyo sisimizi watapanda na kula ulichonasa. Kuna asubuhi nilikuta mabawa matupu mfukoni nikadhani nimechezewa.

Halafu ujue unapambana na mbung'o gani. Mkojo unafaa kwa wale wa nyika na vichaka, kama Glossina pallidipes. Wa kandokando ya mito, kama Glossina fuscipes, hawaijali sana harufu ya ng'ombe. Hao hunyonya sana damu ya wanyama kama kenge. Jirani yangu alibeba magaloni hadi mtoni miezi kadhaa, na alichopata ni mgongo kuuma. Kule kinachosaidia ni vitambaa vidogo vya bluu, sentimita 25 kwa 25, vyenye kipande cha chandarua kando na kulowekwa dawa ya kuua wadudu, vikichomekwa karibu na maji.

Usiogope kwamba huwezi kuwamaliza wote kwa siku moja. Mbung'o si kama nzi wa jikoni: jike huzaa buu mmoja tu kila siku tisa au kumi. Ukiua asilimia 4 ya majike kila siku bila kukoma, idadi yao inaporomoka. Huko Zimbabwe, vitambaa vinne vyenye harufu na deltamethrini (dawa ya kuua wadudu) kwa kila kilomita ya mraba vilitosha kwa mbung'o wa nyika.

Ng'ombe aliyekwisha kukonda na manyoya kumsimama huyo mtego haumsaidii. Apimwe damu, atibiwe nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Tabu iliyobaki kwangu ni wageni. Nikisafisha malisho yangu, mbung'o wa msituni wanahamia. Upande huo mitego naisogeza karibukaribu, na mkojo naanza kuongeza huko kabla ya kwingine.