Maswali ya Wasomaji: Riwaya na Filamu Yake

Barua kadhaa tulizopokea kwa toleo hili zinauliza, kila moja kwa namna yake, kuhusu vitabu vilivyogeuzwa kuwa filamu. Tumezichagua nne na kuzijibu hapa kwa pamoja.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Riwaya ya *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ni miongoni mwa vitabu tunavyovisoma. Wenzangu waliotazama filamu yake wanasema hawana haja tena ya kukisoma kitabu. Je, ni kweli? Na kama filamu haifanani na kitabu, ina faida gani kwetu?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kuhusu mtihani jibu ni fupi: usithubutu. Filamu ya *Vuta N'kuvute*, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, haikutengenezwa ili iwe muhtasari wa riwaya, na atakayeitumia hivyo ataumbuka katika swali la kwanza tu. Chukua jambo moja dogo, namna Yasmin, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anavyokutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Katika filamu wanakutana usiku, Yasmin akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Katika riwaya, kufikia siku anapomfahamu Denge, Yasmin ameshaozwa akiwa na umri wa miaka 15 kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri mara tatu na ushei. Ameshahamishiwa Mombasa pamoja naye. Ameshamtoroka na kurudi Unguja. Ameshafukuzwa na mjomba wake, ambaye hakutaka aibu nyumbani kwake. Na ameshapokewa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, na Mwajuma, mwanamke asiye na mali lakini mwenye moyo wa kumfungulia mlango mtu aliyekataliwa na ndugu zake. Mtahini akikuuliza juu ya ndoa ya kulazimishwa, nafasi ya mwanamke au matabaka katika Unguja ya kikoloni, hoja zako zote zimo katika safari hiyo ndefu ambayo filamu imeikata.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito zaidi. Kukata huko hakukutokana na uvivu. Riwaya ina kurasa zaidi ya 200, na msomaji anaweza kuiweka chini leo akaiendeleza kesho. Filamu ina muda wa saa moja na nusu hivi, na mtazamaji hanyanyuki mpaka iishe. Mwongozaji aliyejaribu kumwingiza kila mhusika na kila safari angetupatia gwaride la watu wanaopita mbele yetu bila sisi kumjua hata mmoja. Amil Shivji, aliyeandika muswada wa filamu hiyo pamoja na Jenna Bass, ameamua kushika uzi mmoja, yaani mapenzi ya Yasmin na Denge ndani ya harakati za kumwondoa Mwingereza, na uzi huo akauvuta mpaka mwisho.

Uamuzi huo una faida na una hasara, na hasara yake naiona kubwa kuliko wahakiki wengi wanavyokubali. Yasmin wa Adam Shafi anaasi kwanza peke yake. Anaikimbia ndoa kabla hajasikia hotuba yoyote ya siasa, kabla hajajua kuna watu wanaosambaza makaratasi ya siri na kuwindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata, polisi wa serikali ya kikoloni. Ndiyo maana, anapoingia katika duru ya Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi na fikra za ukombozi, msomaji haoni msichana aliyeokolewa na mwanamume. Anaona watu wawili, kila mmoja na vita vyake, wakikutana njiani. Vita hivyo viwili vikianza usiku mmoja, ni rahisi mtazamaji kudhani kwamba uhuru wa Yasmin umeletwa na Denge. Sisemi kwamba filamu inakusudia hivyo, ila hiyo ndiyo gharama ya kuupunguza muda.

Faida nayo ni ya kweli. Mwandishi anaweza kutueleza kwamba Mwajuma anaimba, lakini hawezi kutusikilizisha. Katika filamu nafasi ya Mwajuma imeigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab kwa kazi yake halisi, na taarab inaacha kuwa taarifa na kuwa sauti inayojaa chumba. Vilevile, pengo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambalo mwandishi analijenga sentensi kwa sentensi, jicho linalipata kwa mara moja katika kuta, mavazi na mwanga. Na mazungumzo yote hayo yanakwenda kwa Kiswahili. Tanzania iliichagua filamu hii mwaka 2022 kuwa mwakilishi wake katika tuzo za Oscar za filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa haijalifanya tangu mwaka 2001.

Kwa hiyo soma riwaya yote, kisha itazame filamu ukiwa na kalamu mkononi, na kila unapoona tofauti jiulize mwongozaji amepata nini na amepoteza nini. Mwalimu wako atakushukuru kwa insha ya namna hiyo, japo katika chumba cha mtihani utaandika ya kitabuni tu.

Mhariri, niliwaonesha wanangu filamu ya *The Boy Who Harnessed the Wind* nikiwaambia kwamba ni kisa cha kweli cha kijana aliyejiundia kinu cha upepo. Baadaye binti yangu alisoma kitabu shuleni akaja kuniambia, «Mama, mbona kinu hakikutoa maji?» Nilikosa jibu. Nani anasema kweli?
*Mzazi, Nakuru*

Binti yako ni msomaji makini, na mpongeze kwa niaba yetu. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 2009, kimeandikwa na William Kamkwamba mwenyewe kwa kushirikiana na mwandishi wa habari Bryan Mealer. Kinasimulia maisha ya William katika kijiji cha Wimbe, wilaya ya Kasungu nchini Malawi, wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, alipolazimika kuacha shule kwa kukosa karo. Akawa anakwenda maktaba ndogo ya kijijini, akakuta kitabu cha kiada cha fizikia chenye picha ya vinu vya upepo, na kwa vyuma chakavu, dainamo na fremu ya baiskeli akasimamisha kinu chake.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Kinu chake cha kwanza kilitoa umeme wa kuwasha taa na redio. Cha kuvuta maji kwa ajili ya kumwagilia kilikuja baadaye. Katika filamu ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor ambaye pia anaigiza kama baba, mambo hayo mawili yameunganishwa: kinu kinasimama, pampu inavuta, na maji yanafika shambani wakati familia imeshakata tamaa. Kwa upande wa historia, kitabu ndicho cha kushikwa.

Hata hivyo nisingeiita filamu hiyo ya uongo, na nitakueleza kwa nini. Taa moja inayowaka katika chumba cha kijana ni ushindi mkubwa kwa yule aliyesoma kurasa nyingi za giza, mafuta ya taa yasiyonunulika na jioni zinazoisha saa moja. Kitabu kinao muda wa kukufikisha mahali ambapo balbu moja inakutoa machozi. Filamu iliyokuonesha njaa kwa saa nzima haiwezi kumaliza kwa balbu, mtazamaji atauliza, «Sasa watakula nini?» Ejiofor amelijibu swali ambalo filamu yake yenyewe imelizusha, na amelijibu kwa kitu ambacho William alikuja kukifanya kweli, ila si kwa mpangilio ule.

Kitu ambacho ningewaelekeza watoto wakitazame zaidi ni baiskeli. Filamu imeifanya kuwa kiini cha ugomvi wa baba na mwana: baba hana mali nyingine ya maana, na mwana anataka kuikatakata. Maelezo mengi ya kitabuni kuhusu umaskini na heshima ya mzazi yamekusanywa katika chombo kimoja unachoweza kukiona kwa macho, na hapo filamu imefanya kazi nzuri kuliko wingi wa maneno. Huenda wanao watafurahi pia kujua kwamba Maxwell Simba, aliyeigiza kama William, ni Mkenya.

Ndugu Mhariri, naona lawama zote huenda kwa waongozaji. Je, mtunzi akiiongoza filamu ya kitabu chake mwenyewe, tofauti si zitakwisha?
*Msomaji, Muscat*

Hazikwishi, na ushahidi bora ninaoujua ni wa Ousmane Sembène wa Senegal. Huyu alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, lakini alitambua kwamba watu aliowaandika, wachukuzi, ombaomba na wake wa wachuuzi, hawakuweza kumsoma. Akiwa ameshajulikana kwa vitabu, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, na mwaka 1968 akatoa *Mandabi*, iliyotokana na hadithi yake mwenyewe na kuzungumzwa kwa Kiwolof.

Linganisha riwaya yake ya *Xala* ya mwaka 1973 na filamu aliyoitengeneza mwaka 1975. Kisa ni kilekile: El Hadji, mfanyabiashara tajiri wa Dakar, anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anajikuta amerogwa, hana nguvu za kiume. Lakini filamu inafunguliwa kwa tukio la kejeli kali, ambapo wafanyabiashara Waafrika wanawatoa Wafaransa katika chemba ya biashara kwa shangwe, na muda si mrefu Wafaransa haohao wanarudi wakiwa wamebeba mikoba, na kila Mwafrika anapofungua mkoba wake anakuta umejaa noti. Hayasemwi mengi, wala hayahitajiki. Mtunzi amepata kwa picha chache yale ambayo kitabuni yangedai hotuba.

Mwisho nao unatofautiana. Katika vyote viwili ombaomba wanaingia nyumbani kwa El Hadji na kumtemea mate mwilini ili apone. Filamu inagandisha picha papo hapo, juu ya mwili wake. Riwaya inatoka nje ya nyumba na kumalizia kwa askari walioinua silaha tayari kufyatua. Mtu ni yuleyule, kisa ni kilekile, na bado alimaliza mara mbili kwa njia mbili. Mimi naupenda zaidi ule wa kitabuni, kwa sababu unakumbusha kwamba wanaotemea mate leo ndio watakaopigwa risasi, na kwamba dola iko upande wa tajiri hata anapodhalilika.

Mhariri, nianze na kipi, kitabu au filamu?
*Msomaji, Bujumbura*

Anza na kitabu ikiwa una tabia ya kusoma. Sura za waigizaji zina nguvu: ukishamwona Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin, itakuwa vigumu kumfikiria Yasmin mwingine, na utakuwa umeipoteza nafasi ya kumchora wako. Lakini ikiwa kitabu kimekaa rafuni muda mrefu bila kufunguliwa, tazama filamu kwanza bila kuona haya, maana inaweza kukupa hamu ya kujua yaliyoachwa. Ila usiviunganishe siku moja. Acha wiki mbili zipite katikati, vinginevyo utaitazama filamu kama karani anayekagua orodha ya mali, na hutaiona kabisa.